Mgeni Asiyekula Chumvi

Chumvi ndiyo iliyotangulia kuondoka.

Vaileth alipika maharage ya nazi, akaonja, akaona yamepooza. Akaongeza chumvi, akaonja tena, yako vilevile. Akamimina kijiko kizima, akakoroga, akaonja mara ya tatu, akawa kama aliyelamba karatasi. Ikabidi asome pakiti, asije akawa amenunua sukari. Ilikuwa chumvi. Akaimwaga kiganjani akailamba kavukavu, nayo haikuwa na ladha yoyote.

"Mum, this is way too salty," alisema Stasia, binti yake wa miaka saba, akaisukuma sahani.

Vaileth akajiambia ni mafua. Uingereza kila kitu husingiziwa baridi, na mwezi huo wa Desemba mwaka tisini na nane baridi ilikuwa imekuja na virago vyake vyote. Akamkaangia mtoto yai, naye mwenyewe akala maharage yake bila kusikia kitu.

Waliishi wawili tu, Queensbury, chumba na sebule juu ya nyumba ya mzee Avtar, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu. Baba yake Stasia alikuwa bado Moshi akisubiri viza. Mtoto alikuwa amezaliwa London, na Kiswahili alikisikia chote ila alikijibu kwa Kiingereza. Jambo hilo lilimkera mama yake kuliko baridi. Wageni wakibisha hodi, Stasia hukimbilia mlangoni na kusema "Hiya!" Vaileth hutamani ardhi ipasuke.

"Mtu akipiga hodi unamjibu karibu," alimfundisha mara nyingi. "Akiwa mmoja, karibu. Wakiwa wengi, karibuni. Usichanganye, watu watasema hukulelewa."

"I know, Mum," alijibu mtoto, na hakusema hata moja.

Sasa tuseme kazi yake. Vaileth alikuwa mfanya usafi katika ngome moja ya kale ya wafalme, humo humo London, na jina lake tuliache. Karne nyingi zilizopita mfalme aliijenga ili kuwatisha watu wake; siku hizi watu wanapanga foleni kwenye mvua na kulipa ili watishwe. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kulala ndani ya dirisha. Kuna kanisa dogo, kuna mavazi ya chuma, kuna kitanda alichofia mfalme mmoja na kingine alichozaliwa juu yake. Wenye nchi yao wana kipaji hiki: damu ya mababu wameiosha, wakaiwekea taa nzuri na duka la zawadi mlangoni.

Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa Mnara wa Mpakuzi. Justin, mwongoza watalii, kijana mwenye sauti ya kuigiza, aliisimulia hadithi yake mchana kutwa mpaka Vaileth akaikariri huku akipiga deki. Mfalme alikuwa na mtu wa kumpakulia chakula. Siku moja, baada ya karamu, mfalme akaugua tumbo, akasema nimelishwa sumu. Mpakuzi akafungiwa chumba cha juu mnarani. Sakafuni likatobolewa tundu, chini yake kukiwa na jiko kuu, ili harufu ya nyama impandie asubuhi na jioni, na asipewe hata punje. Alichukua muda mrefu kufa. Baadaye ikajulikana tumbo la mfalme lilivurugwa na uroho wake mwenyewe.

Hapo watalii hucheka. Kisha mmoja mmoja huinama tunduni na kunusa, kwa kuwa wenye ngome walikuwa wameficha kimashine chini kinachopuliza harufu ya nyama choma. Dukani huuzwa miiko midogo ya mbao yenye jina la mnara. Watoto huipenda sana.

Juu ya chumba hicho palikuwa na stoo ya ndoo na mafagio. Humo ndimo Vaileth alimokula mchana, kwa sababu chumba cha wafanyakazi kilijaa, na mara ya mwisho alipofungua dagaa kule mtu alifungua madirisha yote. Siku hiyo alikuwa na wali na mchicha. Alikuwa ameketi benchini, mgongo kwa mlango, aliposikia nyayo zikipanda ngazi za mawe, polepole, kisha zikasimama nyuma yake.

"Karibu," alisema, mdomo umejaa, bila kugeuka. "Karibu tule."

Hakufikiria. Huko Machame alikozaliwa, kula huku mtu amesimama nyuma yako bila kumkaribisha ni fedheha ya ukoo mzima. Na anayekaribishwa naye anajua wajibu wake: asante, nimeshiba, endelea. Husema hivyo hata kama tangu jana hajatia kitu tumboni. Neno lenyewe si la chakula. Ni la kumwambia mtu kwamba nimekuona.

Hakujibiwa. Akageuka, ngazini hapakuwa na mtu. Harufu ya nyama inayochomwa ilikuwa imejaa stoo, ilhali kimashine kilikuwa kimeharibika na fundi hajafika, na pale benchini ubavuni pake pakawa baridi na unyevu, kama vile mtu aliyetoka mvuani amekaa. Vaileth akafunika bakuli lake na kushuka. Jioni hiyo ndipo alipopika maharage.

*

Baada ya siku chache mzee Avtar alimsimamisha mlangoni.

"Mama Stasia, mimi hapana sema mbaya. Lakini mgeni yako natembea sana. Kila saa nyinyi nakula, yeye nazunguka meza, nazunguka meza. Ambia yeye vaa ndara."

"Mgeni gani, mzee? Tuko wawili tu."

Mzee alimtazama, akatazama ngazi, akaingia kwake bila kuaga. Hakuwa mtu wa kuacha kuaga.

Na Stasia alibadilika. Yule mtoto wa kuchagua chakula, wa kutenga vitunguu pembeni ya sahani, sasa alikula kila alichopewa. Alimaliza chake, akaomba cha mama yake, akafuta sufuria kwa mkate. Mwanzoni Vaileth alifurahi, na ni nani asiyefurahi? Lakini mtoto alikuwa anakonda. Sare ya shule ilianza kumning'inia, mashavu yakaingia ndani, na baada ya kila mlo alisema neno moja kwa sauti ndogo, akiona aibu.

"Mum, I'm still hungry."

Daktari alimpima damu, choo na mkojo, akasema yuko sawa, akamtazama Vaileth kwa jicho la kuuliza kama nyumbani kuna chakula. Mchungaji alikuja akaomba, meza ikatikisika kidogo wakati wa Amina, akasema ni treni. Usiku ule baada ya maombi Vaileth alimkuta Stasia mezani, ameigawa chapati yake nusu kwa nusu na kuisogeza nusu moja mbele ya kiti kitupu.

"Unamgawia nani?"

"The man," alisema Stasia. "He says you asked him to eat with us. You did, didn't you, Mum? He says it's rude to stop."

Harufu ya nyama choma ikapita puani mwa Vaileth, ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyechoma nyama, na akajua, kabla akili haijakubali, kwamba kile kimashine cha kule mnarani hakiwezi kupuliza harufu mpaka Queensbury, na kwamba zile nyayo zilizosimama nyuma yake zilishuka pamoja naye ngazi zote zile, zikapanda treni, zikakaa ubavuni pake huku yeye akisinzia, zikaingia mlango huu alioufungua kwa ufunguo wake mwenyewe, na aliyezileta hapa kwa mwanawe ni yeye, kwa adabu yake mwenyewe.

*

Bi Suad alikuwa mtu wa Pemba, akikaa Rayners Lane na wajukuu zake, na Waswahili wengi wa upande ule walimjua ingawa wachache walikiri. Vaileth, Mlutheri wa tangu na tangu, alienda huku amejifunika mtandio mpaka machoni. Bi Suad alimsikiliza, akaja Queensbury, akasimama katikati ya sebule akinusa. Kisha akapika uji bila chumvi, akaumimina kwenye kibakuli, akakiweka mbele ya kile kiti. Walipotazama tena, uji ulikuwa umekauka na kupasukapasuka kama tope la kiangazi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Bi Suad kwa sauti ya chini. "Huyu wako, mwanangu, hana mikono ya jembe. Ana tumbo tu."

"Ni yule mpakuzi, Bi Suad?"

"Masikini ya Mungu, yule kafa, kapumzika. Huyu ni jini. Majini ndio wakaazi wa magofu. Alikaa na yule mtu mle chumbani mpaka akajifunza njaa yake, na tangu hapo kila anayepanda anamcheka na kumnusisha nyama. Wewe ndiye wa mwanzo kumwambia karibu."

"Mfukuze."

"Angevunja mlango ningemfukuza. Wewe umemkaribisha. Mgeni hafukuzwi, mgeni husindikizwa." Akamshika Vaileth mkono. "Mrejeze ulikomtoa. Mpelekee chakula kisicho chumvi, maana majini hawaili, ndiyo maana kwanza kakuondolea wewe ladha yake. Kaa naye mpaka ashibe. Akishiba atakuacha, na utajua, chumvi itarudi ulimini mwako. Lakini nisikilize vyema. Kabla hajashiba, mtu mwengine asimkaribishe, kwani atamfuata huyo. Na akishatoka nyumba hii, asikaribishwe tena humu. Mgeni akikaribishwa mara ya pili si mgeni tena. Ni mwenyeji, na mwenyeji hasindikizwi."

"Atashiba lini?"

"Hiyo njaa ya karne ngapi? Labda kesho. Labda mpaka mfungo uje uishe."

Kesho yake Vaileth alipanda stoo na uji usio na chumvi. Akaweka bakuli benchini, akakaa pembeni. Uji ukakauka. Siku iliyofuata akaleta wali, ukakauka. Akaleta ndizi, akaleta ugali, akaleta kuku mzima ambaye mwanawe alimlilia mlangoni. Kila siku ulimi wake ulikuwa mfu vilevile. Nyumbani nyayo zilikoma, lakini njaa ya Stasia haikukoma, na ilifika siku mwalimu akapiga simu kwamba mtoto ameanguka kwenye foleni ya chakula.

Mchana huo Vaileth alikuwa stooni akilia, bakuli mbele yake, Célestine alipofungua mlango.

Célestine alikuwa mwenzake wa shifti, mtu wa Bukavu, akiishi peke yake Neasden. Wanawe watatu alikuwa amewaacha kwa dada yake vita vilipoingia, na kila mwisho wa mwezi aliwapigia simu akiwa amesimama, hakuwahi kukaa. Ndiye aliyemfundisha Vaileth kazi. Ndiye aliyemfulia Stasia nguo za shule wiki ambayo Vaileth alilazwa.

"Mama Stasia! Nilikutafuta chini yote. Uko unalia juu ya nini?"

"Mtoto anaumwa, dada."

"Pole, pole sana. Mungu iko." Akakaa benchini, akafungua bakuli lake la sombe, kisamvu cha kwao, na kitonge cha fufu, akamega nusu. "Kamata, ukule. Nani atachunga mutoto kama mama yake anaanguka?"

Ndipo nyayo zikaanza chini. Zilipanda jiwe kwa jiwe, nzito, za mtu mwenye haki ya kupanda, na harufu ya nyama ikazitangulia, na Vaileth akazisikia zikipita tundu, zikipita kona ya mwisho ya ngazi, zikisimama mlangoni nyuma ya mgongo wa Célestine, na akamwona Célestine akitega sikio, akameza haraka alichokuwa nacho mdomoni, kwa sababu Bukavu na Machame hazipishani katika hilo, hakuna mama aliyelelewa anayekula mtu amesimama nyuma yake, na Vaileth alikuwa na nafasi ya kutosha kumziba mdomo kwa kiganja, ya kusema nyamaza, ya kuangusha ndoo tu, na mkono wake ulianza hata kuinuka, kisha akamkumbuka Stasia sakafuni shuleni, akaurudisha mkono mapajani.

"Karibu," Célestine alisema juu ya bega lake. "Karibu, tukule."

Machozi yaliyokuwa yakimteremka Vaileth yalifika midomoni. Yalikuwa na chumvi.

Célestine aligeuka. "Ah! Nilisikia mutu."

"Ni upepo," alisema Vaileth.

*

"Mum, this is way too salty," alisema Stasia jioni ile, akaisukuma sahani, na mama yake akamkumbatia mpaka akalalamika. Mashavu yalirudi. Vitunguu vikarudi pembeni ya sahani. Bi Suad alipopiga simu kuuliza, "Kashiba?" Vaileth alijibu, "Kashiba, Bi Suad," na akakata simu haraka.

Alikuwa amefanya vibaya na alijua. Hakujidanganya hata siku moja, na hilo ndilo lililomtesa. Wapo watu wanaotenda ovu wakalipatia jina zuri wakalala. Vaileth hakulipata jina. Kila akionja mchuzi na kuona umekolea, alijua chumvi ile imetoka kwa nani.

Akaomba kuhamishiwa jengo jingine, lakini ngome haina majengo mengi kiasi cha kukimbiana. Alimwona Célestine akikonda. Wenzake walisema ni mawazo ya watoto.

"Dada," Célestine alimwambia siku moja, "chumvi ya huku iko mubaya. Haina kitamu hata kidogo. Wewe unanunuaka wapi yako?"

Vaileth alimnunulia pakiti ya chumvi. Ndiyo, alifanya hivyo. Akaifunga vizuri kwenye mfuko akampa, na Célestine akamshukuru kwa mikono miwili.

Mara nyingi alinuia kusema. Twende kwa Bi Suad, angesema, tumsindikize pamoja, tutampikia zamu kwa zamu. Lakini kusema hivyo ni kusema pia kwamba nilisikia nyayo, nilijua, nikanyamaza. Na kama Célestine akiuliza kwa nini, je? Akaahirisha mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo Célestine hakuja kazini. Simu ya Queensbury ikaanza kulia jioni. Vaileth aliiacha ilie.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la Machi limeingia mpaka mezani. Mama na binti walikuwa wanakula pilau. Mlango wa juu ukagongwa.

"Hodi."

Vaileth alimwekea Stasia kidole mdomoni.

"Hodi hapa. Mama Stasia, ni miye, Célestine." Sauti ilikuwa imebaki nyuzi tu. "Muzee wa chini amenifungulia. Najua uko, nasikia arufu ya pilau. Niko peke yangu, dada. Uniache niingie. Niko na njaa."

Ikafuata sauti ya mtu anayeegemea mlango ili asianguke.

Hapo ndipo moyo wa Vaileth ulipokatika, na akaamua. Atatoka yeye. Atatoka, atafunga mlango nyuma yake, atamwambia yote pale pale ngazini, apigwe kofi kama ni kofi, kisha watashikana mkono mpaka Rayners Lane. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ule mchana wa stooni. Ila neno lile lisitajwe humu ndani, na akafungua mdomo kumwonya Stasia, akakumbuka kwamba mtoto huyu hajawahi kulitaja maishani mwake, hata kwa kubembelezwa. Akakimbilia koti chumbani.

Mkono mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye koti aliposikia komeo.

Alifika mlango wa chumbani akamwona mwanawe amesimama wima, amefungua mlango mpaka mwisho, kama alivyofundishwa. Stasia alimtazama Célestine usoni, kisha akanyanyua macho, akatazama juu ya bega lake. Alisogea pembeni. Célestine akaingia, akijishikilia ukutani, na mtoto akaendelea kushika mlango, akisubiri kwa adabu.

"Karibuni," alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kujibu kwa Kiswahili, na hakukosea.